Baada ya Kuanua Matanga

Friji ilikuwa pembeni mwa barabara, imezungushwa tepu pana ya kijivu mara tatu kama mzigo wa kupeleka bandarini. Kijana mmoja wa kundi letu, mtu wa Kigoma, akataka kujua ndani kuna nini. Hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyejua. Ilikuwa Septemba 2017, wiki ya pili baada ya kimbunga Harvey, na friji ile ilikuwa imekaa siku zote hizo bila umeme kwenye joto la Houston, nyama imo ndani. Alipoikata tepu tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mzee wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akilinda makabati yake yaliyovimba maji, alicheka hadi akakohoa.

Hiyo ndiyo Jumamosi yangu ya kwanza ya kujitolea. Leo nataka kuandika habari za Jumamosi zilizofuata, zile ambazo hazikuwa na kamera. Kila mwezi Juni, msimu wa vimbunga unapofunguliwa huku, napata ujumbe kutoka kwa Watanzania na Wakenya wenzangu walioko Florida, Louisiana au North Carolina: "Kaka, tukipigwa sisi, tunaanzaje kusaidia?" Kuanza si kazi. Ukishapata buti na barakoa umeshaanza. Swali ninalosubiri mtu aniulize, na bado sijaulizwa, ni la mwezi wa kumi na nane baada ya kimbunga.

Kwa aliyesahau: Harvey kilitua pwani ya Texas karibu na mji wa Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, kikiwa daraja la nne. Rockport na majirani zake walipigwa na upepo. Sisi wa Houston na wenzetu wa mashariki tulipigwa na maji, kwa sababu kimbunga kiligoma kuondoka. Siku kadhaa kikawa pale pale, kinachota Ghuba ya Meksiko na kutumwagia. Nederland, mji ulio jirani na Port Arthur, ulipima inchi 60.58 za mvua, yaani milimita 1,539. Dar es Salaam kwa wastani haipati mvua hiyo kwa mwaka mzima. Port Arthur kwenyewe, watu waliokimbilia ukumbi wa manispaa walifuatwa na maji humo humo usiku, wakapanda juu kwenye viti vya watazamaji.

Mimi nilisalimishwa na ufukara. Naishi ghorofa ya tatu, ambako kodi ni nafuu kwa kuwa hakuna lifti. Maji yalinichukulia gari tu. Kwa hiyo mvua ilipokata nilikuwa mtu mwenye nguvu zake, hana nyumba ya kusafisha, na ghala ninakopigia boksi lilikuwa limefungwa. Watu kama mimi walikuwa wengi. Kundi letu la WhatsApp la Waafrika Mashariki wa Houston, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kutafutana unga na kuuliziana tiketi, likageuka kuwa la kazi, na wiki ya kwanza ya Septemba tulikuwa watu 64 kwenye orodha. Tuling'oa mazulia, tukavunja kuta, tukasukuma matoroli. Kanisani na msikitini nguo zilirundikwa mpaka usawa wa dirisha, makoti ya baridi yakiwemo, na huo ni Septemba wa Texas. Mtu mmoja alileta viatu vya bi harusi.

Halafu Irma kikaipiga Florida tarehe 10 Septemba. Tarehe 20 Maria kikaivunja Puerto Rico. Siku ishirini na sita tu tangu Harvey kitue, na magari ya televisheni yalikuwa yameshabeba antena zao na kuondoka. Sina cha kuwalaumu. Puerto Rico kulikuwa na msiba mkubwa. Ila kwetu nyumba zilikuwa bado ni mifupa ya mbao. Mwisho wa Oktoba orodha yetu ilikuwa na watu 20. Krismasi tulikuwa saba, na mmoja wao ni yule kijana wa friji.

Nyumbani Tanga mtu akifa, siku tatu za mwanzo nyumba haina pa kukanyaga. Mikeka imetandikwa mpaka uani, masufuria yametoka mtaa mzima, rambirambi inaandikwa kwenye daftari la shule. Kisha matanga yanaanuliwa. Mikeka inakunjwa, kila sufuria linarudi kwa mwenyewe, na mjane anabaki na ukimya pamoja na deni la duka. Arobaini watarudi, watasoma, watakula, wataondoka. Sijasikia mtu akilaumiwa kwa kuondoka, maana kila mtu ana shamba lake. Lakini nilipokuwa mdogo nilimwona mama yangu akifanya jambo ambalo sikulielewa: mwezi wa tano, wa sita baada ya msiba wa jirani, kila Alhamisi, alikuwa anakwenda kwa yule mjane kuchambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa kibaba. Hawakuwa na haja ya kuwa wawili.

Port Arthur niliifika Februari 2018. Kutoka Houston unashika barabara kuu namba 10 kuelekea mashariki, unapita Winnie, ambapo wakati wa Harvey barabara ilikuwa bahari yenye mawimbi kabisa, halafu unaingia namba 73. Mwendo wa saa moja na nusu. Mji una kiwanda cha kusafisha mafuta kikubwa kuliko vyote Marekani, na ukiwa upande wa magharibi, wanakoishi watu weusi wengi, ukiinua macho usiku unaona miali yake. Nilikwenda kwa sababu mratibu wa huko, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alitupigia simu baada ya kupewa namba zetu na kanisa. Aliuliza swali moja: "Mna watu wangapi mnaoweza kunihakikishia mwezi wa Septemba?" Nilimwambia Septemba ni mbali, sisi tunaweza kuja hata wiki ijayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wiki ijayo anao watu.

Baadaye nilielewa. Kujitolea huku kuna misimu kama maembe. Novemba hadi Machi wanakuja Wamennonite, Wakristo wa dhehebu la Mennonite, wengi wao wakulima wa Kansas, Pennsylvania na hata Kanada, ambao mashamba yao yako chini ya theluji. Chama chao cha maafa kilianzia Hesston, Kansas, mwaka 1950, kwenye mandari ya madarasa ya Jumapili, watu wa imani isiyokwenda vitani wakijiuliza watatumikia vipi wakati wa amani. Hawa ni mafundi hasa. Machi wanaingia wanafunzi wa vyuo kwa likizo yao ya wiki moja, kelele nyingi na nguvu nyingi. Juni na Julai ni vijana wa makanisa, fulana za rangi moja. Kisha joto linafika kileleni, shule zinafunguliwa, vimbunga vipya vinaanza, na kuanzia katikati ya Agosti mpaka Oktoba hakuna mtu. Ndiyo miezi ambayo mwenye nyumba iliyobomoka analala na redio masikioni, anasikiliza kama kingine kinakuja.

Bibi wa nyumba ya kijani alikuwa mmoja wa hao. Nitamwita Bibi tu, ndivyo tulivyomwita, na yeye akajifunza kuitika. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, amefanya kazi jikoni mwa shule maisha yake yote. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa akiishi sebuleni kwa mpwa wake huku nyumba yake imesimama wazi, kuta zimekatwa usawa wa futi nne kuzunguka vyumba vyote.

Kuhusu hizo futi nne, niseme kidogo, maana ndipo nilipoanza kuheshimu kazi hii. Kuta za ndani za nyumba hizi ni bodi za jipsamu, kama zile tunazowekea dari kwetu. Bodi ina upana wa futi nne na kwa kawaida hulazwa. Ukikata usawa huo, unang'oa safu ya chini tu na bodi mpya inaingia pale pale bila kuhangaika na vipande. Kuvunja ni kazi ya asubuhi moja, na kila mtu anaiweza. Ndiyo maana wiki za mwanzo zinajaa picha za watu wenye nyundo. Kufunga bodi kunahitaji fundi mmoja na saidia fundi watatu. Kupiga skimu kwenye viungo, kusubiri kikauke, kupiga msasa, kurudia, mpaka mkono usisikie mshono, hapo unahitaji mtu aliyefanya hivyo miaka, na watu hao hawakai foleni kujitolea.

Sisi wenyewe tuliharibu. Oktoba 2017 tulimfungia Mkenya mwenzetu kuta za vyumba viwili, tukapaka rangi, tukapiga picha, tukaomba dua. Januari akanipigia: mtoto anakohoa, na kuna harufu. Tulipobandua bodi nyuma yake palikuwa na kuvu jeusi kama manyoya ya paka. Mbao hazikuwa zimekauka. Mzee mmoja fundi mstaafu, aliyekuja Port Arthur na msafara wa baridi, ndiye aliyenionyesha kifaa cha kupimia unyevu, kidude cha meno mawili kinachochomekwa kwenye nguzo ya ukuta. Kwake kilikuwa kama Msahafu. Chini ya asilimia 15 tunafunga, juu ya hapo tunarudi nyumbani, hata kama mmetoka mbali na mmeleta bendera. Ile nyumba ya Mkenya tuliifanya upya kwa hela zetu. Picha za Oktoba nilizifuta.

Mratibu alitualika kwenye kikao chao, mimi na dada mmoja aliyekuwa katibu wa upatu wa kina mama wetu. Nilitegemea maombi na hotuba. Tulichokikuta ni kitu kama kamati ya harusi, isipokuwa hapa ahadi zilikuwa zinalipwa.

Miji mingi ya huku iliyopigwa huunda kamati ya namna hiyo kwa ajili ya safari ndefu. Wanakaa mezani makanisa, misikiti, mashirika ya misaada, kila mmoja na kilicho chake. Utaratibu wa kugawana kazi badala ya kugombania maiti mmoja ulitokana na kimbunga Camille cha 1969, mashirika yalipoona yanagongana, na mwaka uliofuata wakaunda umoja wao wa taifa. Mezani siku ile afisa wa kesi alisimama na karatasi. Hakutaja jina, alitaja namba. Mwanamke, zaidi ya miaka sabini, anaishi peke yake, nyumba ya vyumba viwili iliyoinuliwa juu ya matofali, kapata kiasi gani, kakosa nini, kuta, sakafu, waya za jikoni. Halafu akakaa. Mtu wa kanisa moja akasema: bodi na misumari ninayo. Mwingine: mafundi wa umeme wiki ya pili ya Aprili. Mwingine akafungua kompyuta, akasema dola 4,000 za sakafu. Kimya kidogo. Mratibu akauliza nani atapiga skimu na rangi Septemba, wengine wakiwa wameondoka. Dada Katibu akainua mkono kabla sijamkanyaga mguu.

Dakika kumi, haikuzidi. Nje, kwenye gari, nilimwuliza amewahesabu watu gani. Akasema atawapata.

Hiyo ilikuwa kesi ya Bibi, na ilifika mezani kwa sababu ambayo mtu wa Tanga au Lamu ataielewa bila tafsiri. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la baba yake, aliyefariki zamani bila wosia. Warithi saba, wengine California, wengine hawajulikani walipo, mirathi haijafunguliwa kamwe. Amelipa kodi ya ardhi kila mwaka, amelelewa humo, ameolewa humo, amezika kutoka humo. Alipokwenda kuomba msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali ya shirikisho, aliambiwa alete hati yenye jina lake. Mwaka ule msaada wao kwa familia moja ulikuwa na kikomo cha dola 33,300. Yeye alipata kidogo cha vyombo na malazi, cha ukarabati hakupata. Nyumba za namna hii, za urithi usiogawanywa, zimejaa kusini mwa Marekani, hasa kwa watu weusi ambao babu zao hawakuwa na sababu ya kuiamini mahakama. Mwaka 2021 FEMA walilegeza, wakaongeza aina za ushahidi wanazokubali. Kwa Bibi ilikuwa miaka minne imeshapita. Nilipomweleza kwamba kwetu nako kuna nyumba za namna hiyo, ndugu hawaongei kwa sababu ya hati, alisema, "Basi Mungu ametuumba wamoja kweli."

Dada Katibu hakuwapata watu kwa kuwaomba. Tuliyemtegemea aombe ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaandika jumbe za kugusa moyo mpaka watu wakazima arifa za kundi. Yeye alikwenda kwenye upatu. Upatu ule una wanachama 24, wengi Watanzania, kuna Warundi watatu na mama mmoja wa Bukavu, na tangu nimewajua hakuna aliyewahi kukosa kutoa. Hata aliyefukuzwa kazi alitoa. Akawaambia: tunaongeza mzunguko wa pili. Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi watu sita wanakwenda Port Arthur, kwa hiyo zamu ya mtu inamfikia mara moja kwa miezi minne. Agosti, Septemba na Oktoba tunakwenda mara mbili. Jina lako limeandikwa. Ukishindwa, unatafuta wa kubadilishana naye wewe mwenyewe, hupigi simu kwa katibu. Ukikosa bila mbadala, faini dola 25, inaingia kwenye mafuta ya gari. Kinachosamehewa ni msiba na uzazi.

Mimi niliona ni aibu. Unamtozaje faini mtu anayejitolea? Nikasema moyo wa mtu haulazimishwi. Akanijibu hana haja na moyo wangu, anataka Jumamosi yangu.

Mzunguko ule haujakatika mpaka leo. Waume waliingizwa kwa lazima kama mbadala. Nimelipa faini mara tatu, ya pili kwa uonevu. Na lile kundi la WhatsApp la watu 64, lenye picha za mikono iliyoshikana, lilirudi kwenye unga na tiketi.

Nimeulizwa kama hii haipunguzi thawabu. Sijui mizani ya thawabu. Ninachokijua ni kwamba aliyekuja kwa sababu ya zamu, akifika akapewa brashi, kisha Bibi akamwuliza kama mwanawe wa pili kapona masikio, anafanya kazi ile ile ya aliyekuja akilia. Pengine bora, maana hana haja ya kushukuriwa. Watu wa mwezi wa kwanza, nami nilikuwa mmoja wao, tuna njaa ya kuambiwa asante. Bibi aliniambia siku moja kwamba amechoka kusimulia. Kila kundi jipya lilitaka kusikia maji yalivyoingia, yeye anasimulia, wao wanatoka machozi, wanapiga picha naye mbele ya ukuta, wanaondoka, na yeye anabaki amezama upya. Kina mama wa upatu hawakumwuliza. Walifika, wakatandika turubai, wakaanza kubishana juu ya chumvi.

Pilau ndiyo iliyotutambulisha mtaa ule. Mara ya kwanza walipika nyumbani, wakafika na sufuria kubwa la namba limefungwa kwa kanga, wakalisahau. Mara ya pili wakalikuta limekaa juu ya meza ya Bibi, limesuguliwa linang'aa, na hakutaka kulirudisha. Alisema kwa mama yake alifundishwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, na yeye hana jiko. Tulimwambia kwetu ni hivyo hivyo. Sufuria likabaki.

Kulikuwa na jambo la karatasi ambalo lilinikera sana mwanzoni. Kila ukifika unasaini: saa ya kuingia, ya kutoka, kazi gani. Nikadhani ni urasimu wa Wamarekani. Mratibu akanieleza: serikali kuu inapolipa gharama za maafa, mji na jimbo hubaki na sehemu yao ya kulipa, na saa za watu wa kujitolea zikiwa zimeandikwa vizuri zinaweza kuhesabiwa badala ya fedha. Kwa hiyo yale masaa ya wiki za mwanzo, watu 64 wenye nyundo, hatukuandika popote. Tuliwapotezea watu hela bila kujua. Tangu hapo Dada Katibu alinunua daftari.

Na mratibu mwenyewe alikuwa analipwa mshahara. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wetu hukunja uso wakilisikia: "Kumbe hajitolei?" Hajitolei, na asante Mungu. Mshahara wake ulitoka kwenye ruzuku ya shirika moja, na ruzuku ilipokwisha, mwezi wa ishirini hivi baada ya Harvey, wafadhili walikuwa tayari kununua bodi, rangi, hata gari, lakini mshahara walisema ni gharama za utawala. Wiki chache zilizofuata misafara miwili ilifika nyumba moja Jumamosi moja. Wanafunzi waliosafiri kutoka Ohio walikuta nyumba yao haina hata msumari, wakashinda wanaokota takataka ufukweni, wakaambiwa wamefanya vizuri. Bodi ishirini zilinyeshewa kwenye ukumbi wa kanisa kwa kuwa aliyejua ufunguo ulipo alikuwa ni yeye. Walimrudisha baada ya miezi miwili, na ninaamini walimrudisha kwa sababu ya zile bodi.

New Orleans walijifunza hilo mapema kuliko sisi. Baada ya Katrina ya 2005, wapenzi wawili, Zack Rosenburg na Liz McCartney, walikwenda kujitolea St. Bernard, wakaishia kuanzisha shirika ambalo sasa linaitwa SBP. Kazi ya kila nyumba inasimamiwa na vijana wa AmeriCorps, mpango wa serikali wa kujitolea, ambao hupewa posho ya kuishi na hukaa miezi, siyo wikiendi, ili msafara wa wiki moja ukute mtu anayejua jana iliishia wapi. Baadaye watu wa Toyota waliwafundisha mpangilio wao wa kiwandani na muda wa kumaliza nyumba moja ukapungua karibu nusu. Watu wale wale, nyundo zile zile.

Bibi alirudi kwake Februari 2019. Miezi kumi na minane. Alikaa jikoni peke yake na mlango umefungwa kwa muda mrefu, sisi tumesimama uani tunajifanya tunaokota misumari.

Septemba mwaka huo huo ikaja Imelda. Haikuwa hata kimbunga, ilikuwa dhoruba ya daraja la chini, lakini ilikaa pale pale siku tatu na kumwaga zaidi ya inchi 43 sehemu za kaunti ile. Maji yakaingia tena nyumba ya kijani, usawa wa kifundo cha mguu. Nilipopata habari nilitaka kuacha. Nasema kweli. Nilimwandikia Dada Katibu kwamba labda hapa si pa kuishi watu. Ndugu zangu wa nyumbani nao huniuliza hivyo hivyo: kwa nini wasihame? Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndipo Pemba ilipoanza kuwa kisiwa cha karafuu. Watu wa Unguja hawakuhama. Walipanda tena, na mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Sikumwambia mtu hadithi hii wakati ule. Niliikumbuka baadaye, nikitafuta cha kujitetea.

Dada Katibu hakunijibu. Alinitumia picha ya ukurasa wa zamu, na jina langu lilikuwa la Jumamosi ile.

Tulipofika tukakuta yule fundi mzee wa kifaa cha meno mawili alituzidi akili tangu mwanzo. Safu ya chini ya kuta za Bibi hakuipigilia. Alitumia mbao nyembamba zilizofungwa kwa skrubu, na nyuma yake hakuweka kitu cha kunyonya maji. Tulifungua skrubu, tukaegemeza mbao juani, tukawasha feni, tukapima. Wikiendi tatu, nyumba ikawa imekwisha. Mtu aliyefika mara moja akaondoka asingejua kwa nini skrubu zile ziko pale. Sisi tulizifunga wenyewe, mwaka mmoja kabla, tukinung'unika kwamba mzee anatuchelewesha.

Machi 2020 korona ilifunga kila kitu. Wazee wa msafara wa baridi walirudi makwao, na baadhi yao hawakuonekana tena. Agosti 27 Laura ikaipiga Louisiana upande wa Cameron na Lake Charles, na wiki sita baadaye Delta ikafuata njia ile ile. Msaada uliobaki wote ukahamia huko, na ni haki. Zamu ikawa ya simu. Kila Jumamosi ya tatu watu sita walipiga simu kwa nyumba sita. Faini iliendelea, na kina mama walitoza kwa ukali zaidi kuliko kabla, kwa hoja kwamba kupiga simu hakuna foleni ya magari.

Tarehe 8 Julai 2024 ikawa zamu yetu sisi. Beryl kilitua Matagorda alfajiri, daraja la kwanza tu, lakini kikapita juu ya Houston, na zaidi ya wateja milioni mbili wakakosa umeme. Ghorofa ya tatu ambayo 2017 iliniokoa ikawa tanuri. Siku ya tatu nilikuwa nimelala sakafuni na kitambaa kibichi kifuani, simu ina asilimia kumi na moja, ikaita. Ni Bibi. Hakuuliza maji yalivyoingia wala upepo ulivyovuma. Aliuliza jengo langu lina ngazi ngapi, kwa sababu mjukuu wake ana goti bovu.

Kijana alifika saa kumi alasiri, jasho linamchuruzika. Amebeba lile sufuria, limejaa barafu mpaka juu, na katikati ya barafu mfuko wa kamba wa baharini kutoka Sabine Pass, kilo nne au tano. Hakuna friji inayofanya kazi jengo zima, kwa hiyo walipaswa kuliwa usiku ule ule. Tuliwasha mkaa kwenye maegesho ya magari. Majirani walishuka na sahani. Dada Katibu alikuja kutoka mtaa wa pili na nazi ya kopo na pilipili, akakaanga, akala, akafuta mikono, kisha akatoa daftari kwenye mkoba na kuliweka kwenye mwanga wa simu ya mtu.

Akasema Jumamosi ya tatu ni tarehe 20, umeme urudi usirudi, na kati ya sita wa zamu ni wawili tu waliothibitisha.